Tumeletewa ofa ya kuuza kebo ya familia: tuitie saini?

"Assalaam alaykum. Marehemu baba na ami yangu walianzisha kampuni ya kebo katika mji wetu hapa Pemba. Walianza na madishi juu ya paa na waya wa kuwafikia majirani, leo tunafika mitaa yote ya mjini. Kampuni imesajiliwa kwa majina yao wawili, nusu kwa nusu. Baba amefariki miaka miwili iliyopita, ametuacha mama na watoto watano, wanawake watatu na wanaume wawili. Hisa zake hatujazigawa. Sasa kampuni kubwa kutoka bara inataka kutununua kwa shilingi 180,000 kwa kila mteja. Daftari letu lina wateja 2,600, malipo ni 15,000 kwa mwezi, ingawa mwezi ukiwa mzuri tunakusanya kama milioni 24, na matumizi ni kama milioni 17. Tuna deni la benki milioni 70, dhamana yake ni nyumba anayokaa mama, na malimbikizo ya chaneli milioni 22. Ami anataka kutia saini. Anasema yeye ndiye mkurugenzi, wanawake hatuna la kusema, na tukipitisha siku 14 hao jamaa watavuta waya wao na sisi tutabaki na vyuma chakavu. Je, bei ni nzuri? Tuuze?"

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu baba yenu na awape subira. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na jambo lililonishughulisha kuliko bei ni nyumba ya mama. Nitafika huko. Kwa kuwa siku zinakwenda, nianze na lililo la haraka: msitie saini chochote sasa, na ami naye asitie. Sisemi hivyo kwa sababu kuuza ni kubaya. Naona huenda mwisho wake mkauza kweli. Ila kwa maelezo uliyonipa, hakuna kati yenu aliyekwisha kuisoma ofa hiyo mpaka chini, na ami nikimhesabu.

Nadhani namba inayozunguka nyumbani kwenu ni milioni 468, yaani wateja 2,600 mara 180,000. Fedha hiyo haipo. Ukichukua milioni 24 mnazokusanya ukazigawa kwa 15,000, unapata watu 1,600. Hao elfu moja waliobaki ni majina: amehama, ana deni la miezi, au amenunua king'amuzi na waya wenu bado unaning'inia ukutani kwake. Mnunuzi anajua hivyo. Fungua ile barua ya ofa utafute pahala panapoeleza "mteja" ni nani. Mara nyingi utakuta ni mtu aliyelipa miezi kadhaa mfululizo kabla ya siku ya kukabidhiana. Kwa kipimo hicho bei inakuwa 1,600 mara 180,000, sawa na milioni 288.

Sasa toa madeni, kwa sababu yeyote anayenunua kampuni atayatoa: milioni 70 za benki na milioni 22 za chaneli. Zinabaki milioni 196. Nusu ni ya ami, nusu nyingine, milioni 98, ni ya marehemu. Ikiwa baba ameacha mke mmoja na wazazi wake walitangulia mbele ya haki, na hana deni lake mwenyewe wala wasia, mama ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki mnagawana nyinyi watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kwenu nyinyi imetokea kuwa hesabu nyepesi: mama milioni 12 na laki mbili na nusu, kila binti kiasi hicho hicho, na kila mtoto wa kiume milioni 24 na nusu. Hapo bado kodi na ujira wa wakili. Nimeiandika hesabu yote ili kila mmoja nyumbani aione kwa macho yake kabla ya kuanza kugombania milioni 468.

Kuhusu uzuri wa bei, kuhesabu vichwa vya wateja ni njia ya mkato tu. Wewe ni mtu wa Pemba, unajua shamba la mikarafuu halinunuliwi kwa idadi ya miti. Mtu huuliza miti hiyo inazaa nini kila msimu na mingapi imezeeka. Kwenu kinachozaa ni milioni 7 kwa mwezi baada ya matumizi, au milioni 84 kwa mwaka. Humo hamjatoa fedha ya kubadilisha vifaa, na hewa ya chumvi ya visiwani haina huruma na viungio vya waya wala na amplifaya zinazokaa nje juu ya nguzo. Chukulia milioni 24 kwa mwaka kwa kazi hiyo, kwa mfano tu. Fundi wenu atajua kiasi cha kweli. Zinabaki milioni 60. Kwa milioni 288 mnapewa chini kidogo ya miaka mitano ya mapato yenu halisi. Na tazama, 180,000 ni 15,000 mara miezi kumi na mbili: ofa yao yote ni makusanyo yenu ya mwaka mmoja. Kwa mtandao wa waya unaozeeka, bei hiyo si ya dhuluma. Lakini si ya mwisho.

Nasema si ya mwisho kwa sababu kampuni hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwao, itaingiza zaidi. Nyinyi mnanunua chaneli kwa ajili ya nyumba 1,600, wao wanazinunua kwa wateja wengi mno na kila mteja anawagharimu kidogo. Nyinyi mnalipa ofisi, mhasibu na mtambo wenu peke yenu. Wao wanavyo tayari. Tuseme wanaokoa milioni 4 kwa mwezi. Basi ile milioni 84 yenu kwao inakuwa milioni 132, na fedha waliyowapa inarudi kwa miaka miwili na kidogo. Mazungumzo ya bei yanatakiwa yafanyike katika nafasi hiyo, kati ya thamani yake mkiwa nayo nyinyi na thamani yake wakiwa nayo wao. Muuzaji asiyeijua nafasi hiyo huchukua anachopewa na kushukuru.

Njia waliyopita baba na ami yako ndiyo iliyozaa kampuni za kebo kwengine pia. Mwanzo wa kebo Marekani, mmoja wa wanaotajwa ni John Walson wa Mahanoy City, Pennsylvania, aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme mwaka 1948. Runinga hazikununuliwa kwa sababu milima ilizuia mawimbi, akasimamisha antena mlimani na kuteremsha waya hadi mjini. Mji mmoja, tatizo moja, mtu mmoja mwenye ngazi na koili ya waya. Baadaye wakaja wanunuzi. Comcast ilianza mwaka 1963 kwa kununua kebo ya mji mdogo wa Tupelo, Mississippi, yenye wateja kama 1,200, kwa dola 500,000, ikaendelea kununua hadi ikawa kubwa kuliko zote nchini mwao. Hawakuwa wakinunua waya, kwa sababu waya unauzwa dukani. Walinunua ile ruhusa ya kuingia nyumbani kwa watu: nguzo zinazokubali waya wako, mlango unaofunguliwa fundi wako akibisha, mazoea ya kulipa kila mwisho wa mwezi. Hicho ndicho baba yako alichojenga. Na siku hizi mlango huo una kazi ya pili, intaneti, ambayo huenda ndiyo hasa wanayoifuata kwenu kuliko mpira na tamthilia.

Kutokana na hapo unaweza kukipima kitisho cha ami kwamba wakikataliwa watavuta waya wao. Wanaweza. Lakini watahitaji ruhusa za njia na nguzo, mafundi, na wateja wa kuwashawishi mmoja mmoja, na yote hayo ni muda na fedha. Wangekuwa wanaona ni rahisi wasingekuja kwenu. Upande wa pili niseme ukweli ulio mchungu: tishio kubwa kwenu halitokani na mnunuzi huyu. Azam TV imeanza mwaka 2013 na dishi lake dogo halihitaji waya wa mtu yeyote. Simu za mkononi nazo zimeingia na bando zao. Zamani kisiwa chenye televisheni ya rangi tangu mwaka 1974, wakati bara ilisubiri miaka ya tisini kupata vituo vyake, kilikuwa na kiu ambayo kebo pekee iliweza kuikata. Sasa mtu ana njia tatu. Wale elfu moja waliokwisha kupotea katika daftari lenu wanakuambia jambo hilo kila mwezi. Ami hakosei kuogopa, amekosea anayemuogopa.

Amekosea pia kusema wanawake hamna la kusema, na hapa sitaki kuzunguka. Ukurugenzi ni kazi. Umiliki ni hisa. Yeye ana hisa nusu, na hizo anaweza kuziuza kwa kufuata katiba ya kampuni, ambayo huenda inataka awape nyinyi nafasi ya kwanza ya kuzinunua. Nusu ya marehemu si yake, na kukaa ofisini miaka miwili hakujaifanya kuwa yake. Ni mali ya warithi tangu siku baba alipofariki, na mama na dada zako wawili na wewe mna fungu lililotajwa na sharia yenyewe. Mkiunganisha mafungu yenu wanawake wanne, mnashika nusu ya hisa za marehemu, robo ya kampuni nzima. Mnunuzi mwenye wakili makini hatakubali kulipia kampuni ambayo nusu yake haina mwenye saini. Kwa hiyo mirathi ifanywe kwanza: thibitisho la warithi katika Mahakama ya Kadhi, mgawanyo (Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husaidia katika hesabu na taratibu), kisha majina mapya yaingizwe katika daftari la wanahisa na kupelekwa BPRA, yaani wakala wa Zanzibar unaosajili kampuni. Nenda BPRA hata kesho uombe kuona kumbukumbu za kampuni yenu. Utajua nani ameandikwa na kama kuna karatasi yoyote iliyopelekwa baada ya baba kufariki bila ya nyinyi kujua. Simtuhumu ami. Ni jambo ambalo kila mrithi angelifanya siku ya kwanza.

Nyumba ya mama sasa.

Kampuni huuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza, mnauza hisa: kampuni inabaki ile ile na leseni zake, mikataba yake na madeni yake, wenyewe ndio wanaobadilika. Ya pili, mnauza mali: wao wanachukua waya, vifaa na wateja, na lile ganda la kampuni linabaki kwenu pamoja na madeni, ambayo mtayalipa kwa fedha mliyopokea. Wengi hudhani kwamba wakiuza hisa, deni la benki limeondoka nyumbani kwao. Limeondoka kwenu kama wamiliki, lakini dhamana haiondoki. Nyumba imewekwa kwa mkataba wake, baina ya mwenye nyumba na benki, na benki haijali nani ananunua hisa. Mnunuzi akichelewa kulipa mwaka ujao, barua ya mnada itakuja mlangoni kwa mama. Kwa hiyo, mkiuza kwa namna yoyote ile, sharti lisiloguswa ni hili: milioni 70 zilipwe moja kwa moja kutoka kwa mnunuzi kwenda benki, na hati ya nyumba ikiwa imefunguliwa irejeshwe mkononi kwa mama siku hiyo hiyo ya kukabidhiana. Msikubali ahadi ya "baadaye tutahamisha dhamana".

Uzito wa madeni katika bei tumeuona hapa hapa Zanzibar. Mwaka 2015 Millicom, waliokuwa wenye Tigo, ilinunua asilimia 85 ya kampuni ya simu ya Zantel kutoka kampuni ya Etisalat kwa dola 1. Dola moja, kampuni iliyojulikana nyumba kwa nyumba. Sababu ni kwamba ilichukua na madeni yake, yapata dola milioni 74. Na Millicom hao nao, mwaka 2022, wakauza biashara yao yote ya Tanzania kwa kundi lililoongozwa na kampuni ya Axian. Naitaja hiyo ya pili kwa sababu ya mafundi wenu. Kama mnunuzi anakuahidini kwamba hatamgusa mfanyakazi yeyote, kumbuka kwamba anaweza kuuza naye, na aliyekuja baada yake hakuahidi kitu. Mnalotaka wapate lipeni au liandikwe siku ya mauzo: viinua mgongo vyao, malimbikizo yao, michango yao ya ZSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar.

Jambo moja zaidi ndani ya vitabu. Ile milioni 70 ilitumika katika kampuni yote, au nyengine ilijenga, ikaoza harusi, ikamsafirisha mtu matibabu? Sikuulizi kwa kukulaumu. Biashara za ndugu ndivyo zinavyokwenda. Lakini hapa ndipo kampuni za kebo za familia zinapovunjika, hata zilizo kubwa sana. Adelphia ya Pennsylvania ilianza mwaka 1952 kwa John Rigas kununua haki ya kebo ya mji mdogo wa Coudersport kwa dola 300. Yeye, ndugu yake na baadaye wanawe waliikuza mpaka ikawa miongoni mwa kubwa kabisa Marekani. Mwaka 2002 ikafilisika, baada ya kugundulika mikopo ya mabilioni ya dola ambayo familia ilijichukulia kwa mgongo wa kampuni bila ya kuonekana vitabuni. Mzee na mwanawe mmoja walitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2004, na miaka miwili baadaye mitandao yao ikachukuliwa na Time Warner Cable na Comcast. Kwenu ni milioni 70, lakini mnunuzi atauliza swali lile lile, na kama sehemu ya deni ni ya ami binafsi, au ya baba, itolewe katika fungu la aliyeichukua. Haiwezekani mama abebe deni la watu wote katika thumni yake.

Leseni nayo haihami kwa kupeana mikono. Utangazaji Zanzibar uko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar. Mawasiliano ni jambo la Muungano, yako chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mtu akitaka kupitisha intaneti katika waya wenu ni lazima apite huko. Waulizeni wote wawili kwa maandishi, kabla ya fedha kutoka, mabadiliko ya umiliki yanataka kibali gani. Angalieni pia mikataba ya chaneli. Kama kuna chaneli mnazorusha bila ya ruhusa ya mwenyewe, ziondoeni sasa, kwa sababu mkataba wa mauzo utawataka muapie kwamba kila kitu ni halali, na kiapo hicho kitakufuateni hata baada ya fedha kwisha.

Upande wa kodi nitapita haraka, maana hapa mnahitaji mtaalamu wa kukaa naye. Kodi ya mapato visiwani inakusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inahesabu kampuni kuwa kama imeuza mali zake ikiwa zaidi ya nusu ya umiliki imebadilika ndani ya miaka mitatu. Maana yake kodi inaweza kuigonga kampuni yenyewe, mbali na faida ya muuzaji. Ulizeni nani atailipa, na muandike jina lake mkatabani.

Basi muuze? Mnaweza kukataa na kuweka faiba, waya wa intaneti ya kasi, wenyewe, lakini kwa milioni 60 za mwaka na deni la milioni 70 sioni fedha hiyo ikitoka wapi bila ya kuweka nyumba nyengine rehani, na hilo silishauri kabisa. Mnaweza kuuza sehemu na kubaki na hisa chache. Inasikika vizuri, lakini mwenye hisa chache katika kampuni ya mtu mwengine hana anachoamua, na anaweza kukaa miaka bila ya kuona gawio. Mnaweza kuuza yote. Nikiwa mahala penu ningeuza yote, kwa fedha taslimu na si kwa hisa zao, baada ya mirathi kukamilika na vitabu kusafishwa. Ningedai bei juu ya hiyo waliyotaja, na kila mteja wa daftari atakayerudi kulipa ndani ya mwaka wa kwanza nilipwe juu yake kiasi tulichokubaliana. Kila mwaka mnaongoja bila ya kuwekeza, idadi ya wanaolipa inapungua. Miezi miwili au mitatu ya kutengeneza mambo haitakuuweni, miaka mitatu ya ugomvi wa ndugu itaua.

Hii ni kazi ambayo haimaliziki kwa kuandikiana. Mtafuteni wakili asiye wa mnunuzi na asiye wa ami peke yake, na mhasibu wa kupitia miezi 24 iliyopita. Mchukulie katiba ya kampuni, mkataba wa benki, hati ya nyumba, mikataba ya chaneli na ya nguzo, na ofa yenyewe. Kama benki imekwisha kuandika barua ya onyo juu ya nyumba, au kama utakuta BPRA hisa za baba zimehamishwa, usingoje kikao cha familia, nenda kwa wakili siku hiyo hiyo.

Na kuhusu zile siku 14, mjibuni mnunuzi kwa barua fupi: "Tumepokea ofa yenu na tunaizingatia. Mmoja wa wanahisa amefariki na taratibu za mirathi zinaendelea, kwa hiyo hakuna makubaliano yatakayokuwa na nguvu kabla ya warithi kuthibitishwa. Tunaomba siku 60, na katika muda huo tuko tayari kukupeni hesabu zetu baada ya nyinyi kusaini ahadi ya kutunza siri." Isainiwe na ami kama mkurugenzi na mmoja wenu kwa niaba ya warithi. Mpelekee ami kwanza, kwa heshima, mama akiwepo, na umuoneshe ile hesabu ya milioni 196, kwa sababu nusu ya kinachopotea ikiuzwa vibaya ni yake. Akikataa kusaini, warithi pelekeni barua yenu wenyewe yenye maneno hayo, na nakala mbaki nayo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.